Siku Nilipompima Kulwa Mara Mbili

Jamani, kuna aibu zinazokufa na kuna aibu zinazozeeka na mtu, na hii yangu imezeeka nami mpaka imeota mvi. Hata leo naweza kuwa jikoni peke yangu nachambua maharage, mara ikanijia, nikajikuta natikisa kichwa na kusema kwa sauti, "Ala! Ala, wewe mwanamke!" mpaka wajukuu wanachungulia mlangoni kuona bibi anagombana na nani. Nagombana na mimi mwenyewe, yule wa zamani, mwenye kanga moja na akili nusu. Na kwa kuwa leo mmenibana niseme (na chai yenu nimeshainywa, siwezi kukimbia), basi nisikilizeni, chekeni mnapotaka kucheka, ila nikifika kule mwishoni naomba mninyamazie kidogo.

Wakati huo nilikuwa bado msichana tu mwenye watoto, tunaishi Bisibo, kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi, na nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabisa, ukiipita hiyo unakutana na vichaka na nyani. Sisi tulikuwa Wasukuma, tumetokea upande wa Geita tukifuata ardhi, na majirani zetu walikuwa Wasubi wenyeji, na Wahangaza waliotoka Ngara, na wengine watu waliokuja zamani kutoka Burundi, kila mmoja na lugha yake jikoni kwake, Kiswahili tunakutana nacho kisimani na ofisini. Mimi Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Aliyekuwa mdomo wa nyumba yetu ni mume wangu, Baba Kulwa, mtu wa watu yule, anaweza kutoka kwenda kuchota maji akarudi na wageni. Halafu vikaja vita vya kumpiga nduli wa Uganda, mgambo wakakusanywa, Baba Kulwa akapanda lori na wenzake wanaimba, na mimi nikabaki na watoto wangu pacha, Kulwa na Doto, wasichana, na nyumba isiyo na mdomo.

Sijui niwaelezeje upweke ule. Watu wanadhani upweke ni kukaa kimya, kumbe mimi nilikuwa naongea kutwa, naongea na mbuzi, naongea na jembe, namwambia ndoo, "Haya twende." Jioni nikisonga ugali nasonga wa watu wanne, naukuta umebaki, naula asubuhi, na kesho yake nasonga tena wa watu wanne. Hakuna wa kunisuka, nilijisuka mwenyewe kwa kupapasa, nywele kila moja na njia yake. Majirani hawakuwa wabaya, msije mkafikiri hivyo. Ni mimi niliyejifungia. Mikutano ya kijiji niliacha kabisa kwenda, kwa sababu mwenyekiti alikuwa anaanza na habari za vijana wetu waliokwenda mbele, na siku nyingine linatajwa jina, na mwanamke mmoja katikati ya watu anaanguka chini. Nikajiambia, nisipokwenda, jina halitatajwa. (Ndiyo, najua. Lakini nyie mlikuwa na waume zenu ndani, mimi nilikuwa na mbuzi.)

Basi vita vikaisha, redio ya ofisini ikasema vimeisha, watu wakacheza ngoma, lakini wanaume hawakurudi. Tukaambiwa wapo hukohuko Uganda wanalinda, watakuja, subirini. Tukasubiri. Kiangazi kikafika, vumbi hilo, na kijiji kikatangaza kuwa Sabasaba mwaka huu itakuwa ya kufa mtu, kutakuwa na ngoma, kutakuwa na nyama, na zaidi ya yote kutakuwa na bembea.

Sasa hiyo bembea msidhani ni kamba kwenye tawi. Kulikuwa na fundi mmoja wa kutoka Kirushya, huko Ngara, alikuwa amesimamisha ekseli ya lori bovu wima kwenye shimo, gurudumu liko juu, na kwenye gurudumu amefunga miti iliyotoka pande zote, na kila mti umening'iniza kiti cha mbao kwa kamba za katani, na chini yake kuna miti mingine ya kusukumia, vijana wanasukuma wanazunguka mbio na viti vinapaa. Kulwa na Doto walikwenda kuitazama inajengwa, wakarudi nyumbani hawali. Kila wakilala wanaota, kila wakiamka wanauliza, "Mama, Sabasaba ni kesho?" Na mimi nikawaahidi. Ilikuwa ahadi pekee niliyoweza kuwapa bila kumsubiri baba yao, na niliishika kwa mikono miwili.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu, la sivyo hamtanielewa. Usukumani, pacha ni pacha. Akipewa mmoja, apewe na mwenzie, kitu kilekile, siku ileile. Ukimnyima mmoja, anaumia, anaweza hata kuugua akakufia mkononi, na mama mkwe wangu alikuwa amenifundisha hilo kabla hata sijatoka kitandani kwa uzazi. "Mwanangu," aliniambia, "kama una yai moja, ulile wewe mwenyewe." Nami nililishika neno lile, sikuwahi kulivunja. Tatizo ni kwamba mwaka tuliohamia Bisibo Doto alipata surua mbaya sana, nikamlilia kabisa, akapona, lakini akabaki nyuma kwa kimo. Sura moja, sauti moja, gauni moja (nilikuwa nimewashonea kutoka kitambaa kimoja, kitambaa chenyewe wakati ule kukipata ni kama kukiiba), ila Kulwa amemzidi mwenzie kichwa.

Siku yenyewe ikafika. Nikaoga, nikafunga kanga yangu, ile moja, na ndani nikavaa gagulo nililojishonea kwa mfuko wa unga wa msaada, maana nguo hazikuwapo, na nani atakayeliona? Kumbukeni hilo swali langu. Tukashuka uwanjani, watu wamejaa, kila mtu na watu wake, wanaitana, wanagongana mabega, wanacheka, na mimi nimeshika mikono miwili midogo napita katikati yao nikiwa nimetabasamu kama mtu anayetafutwa na wenzake upande wa pili, maana sikutaka mtu aone kwamba sina upande wa pili.

Foleni ya bembea ilikuwa ndefu. Mlangoni amesimama mgambo mmoja mzee wa kata, Bwana Ruzige, hakunijua wala sikumjua, na mkononi ana fimbo ya mwanzi iliyokatwa alama kwa kisu. Mtoto anasimama, fimbo inasimama, akifika kwenye alama anapakwa chokaa mkononi, anaingia. Asiyefika, miguu yake haifiki kwenye ubao wa kukanyagia, atateleza. Huyo lazima apakatwe na baba yake au mwanamume mwingine. Wanawake hawaruhusiwi, alisema, kwa sababu ya kanga, zitanaswa kwenye ekseli. Nikaona ni ukorofi wa wanaume tu. (Mtaniambia baadaye.)

Kulwa akasimama, akafika, akapakwa chokaa. Doto akasimama, akajinyoosha mpaka shingo ikatoka mishipa, wapi.

"Huyu bado," akasema Bwana Ruzige.

"Ni pacha, baba," nikamwambia. "Wamezaliwa siku moja."

"Siku moja ndiyo, lakini arama moja hapana. Sheria ni sheria, mama." (Alikuwa akichanganya herufi zake, na mimi nilikuwa nikichanganya zangu, hakuna aliyemcheka mwenzie.) Akaniangalia, wala si kwa ubaya, akauliza, "Baba yao yuko wapi? Aje ampakate."

Jamani. Swali dogo kama hilo. Ningejibu, "Amekwenda vitani, hajarudi," basi, mambo yangeisha pale pale. Lakini tangu lori liondoke sikuwa nimewahi kulitamka neno "hayupo." Nilikuwa naliogopa. Niliona nikilisema mbele ya watu ndiyo nimelikubali, na nikilikubali ndivyo litakavyokuwa. Tena foleni nzima inanisikiliza, na watu wana baba zao pembeni. Mdomo wangu, ule wa kuombea chumvi, ukafunguka wenyewe ukasema:

"Yupo. Anakuja."

"Haya, akija apite mbele," akasema Bwana Ruzige, akamwita mwingine.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa jirani yangu, Mama Neema, Mhangaza wa Kanazi, nyumba yake inapakana na yangu, na mume wake aliondoka kwa lori lilelile la mume wangu. Niliona ananitazama kwa macho makubwa, mdomo wazi, halafu akamvuta mtoto wake kutoka kwenye foleni akaondoka mbio, vumbi nyuma. Nikafikiri mtoto amebanwa na haja. Sikufikiri zaidi, nilikuwa na yangu.

Yangu ni kwamba Kulwa amekataa kupanda. Amekaa chini na chokaa yake mkononi, analia, "Bila Doto sipandi," na Doto analia kwa sababu Kulwa analia, na mimi nimesimama kati yao naangalia pande zote kama kuna mwanamume naweza kumwomba. Wapo, wengi tu. Lakini kila mmoja na mke wake ubavuni, na mwanamke ambaye mumewe hayupo akimwendea mume wa mtu mbele ya watu akamwambia, "Nisaidie mwanangu," kesho yake kisimani ataulizwa amesaidiwa nini kingine. Nikasimama. Nikaona ahadi yangu inanitoka mikononi, na yule mama mkwe na yai lake wananiangalia. Hapo shetani akaninong'oneza, na shetani wangu ana akili nyingi lakini haoni mbali: kama Kulwa amefika kwenye alama, si apimwe tena?

Nikawachukua nyuma ya ghala la pamba. Nikatema mate kwenye pindo la kanga, nikamfuta Kulwa chokaa mpaka ngozi ikang'aa. Doto alikuwa anavaa uzi wa shanga shingoni tangu alipougua. Nikamvua, nikamvika Kulwa. Nikamwambia, "Sasa wewe ni Doto. Ukiulizwa, wewe ni Doto, umesikia?" Akaitikia. Nikamwambia Doto akae palepale asitoe hata kikohozi. Tukarudi foleni, na ninawaambia ukweli, kidogo nilikuwa nafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lori liondoke najiona mjanja.

Bwana Ruzige akatuona. "Umerudi, mama. Baba yake?"

"Yuko njiani. Lakini hebu mpime tena huyu, alikuwa amekunja magoti."

Akasimamisha fimbo. Kulwa akafika. Akashangaa kidogo, akamuinamia, "Hee! Umekula nini huko? Unaitwa nani wewe?"

"Kulwa," akasema mwanangu kwa sauti safi, kama yuko darasani.

Nikacheka! Nilicheka kicheko ambacho hata mimi sikukijua, nikampiga kofi la mgongoni la mapenzi, nikasema, "Hawa wanapenda kutania watu, baba, pacha hawa, kila mmoja anajiita mwenzie!" Mzee wa watu naye akacheka, akampaka chokaa, kwake sasa wote wawili wamefika. Nami nikakimbia na Kulwa nyuma ya ghala, nikamshika Doto, nikampaka mkononi chokaa kidogo niliyoifuta kwa kidole ukutani, nikamrudishia shanga zake, nikawasukuma wote wawili ndani kupitia ule upande wa watu wanaotoka, mzee asije akawaona wamesimama pamoja. Wakakaa kwenye viti viwili vinavyofuatana. Wakanipungia mkono. Nyie, mimi nilitokwa na machozi. Niliona nimeshinda vita vyangu mwenyewe.

Vijana wakaanza kusukuma.

Mzunguko wa kwanza mzuri. Wa pili viti vikaanza kupaa, watoto wanapiga vigelegele. Halafu nikaona miguu ya Doto inatafuta ubao. Inautafuta, haiupati, inaning'inia hewani kama ya kuku aliyebebwa kwenda sokoni, na makalio yake yanateleza kidogo, kidogo, kidogo, mpaka akatoka kabisa kwenye kiti, na kilichomwokoa asirushwe ni gauni, lilinaswa kwenye kigingi cha kiti, akabaki amening'inia kwa mgongo anazunguka juu ya vichwa vya watu anapiga kelele, na Kulwa nyuma yake anapiga kelele zaidi, "Doto! Mama, Doto anaanguka!"

Mwenye akili angewaambia vijana wasimamishe. Mimi nilikimbia nikaingia ndani ya bembea. Nikaukamata mti wa kusukumia, ule mti ukanikokota, natimua vumbi kwa visigino, napiga yowe kwa Kisukuma, na pindo la kanga yangu (mtaniambia sasa, haya niambieni) likaingia kwenye ekseli. Ekseli ikala kanga. Ikala tena. Nikasikia kiunoni inafunguka, nikaishika, ikanishinda nguvu, ikanivua kama mtu anavyomenya ndizi, na bembea nzima ikakwama, kwaa! Doto akaanguka kutoka kwenye kigingi, akamwangukia kijana mmoja wa kusukuma, wakaanguka wote. Doto akapasuka mdomo, basi, Mungu ni mwema, mdomo tu.

Na mimi nimesimama katikati ya uwanja wa Sabasaba na gagulo la mfuko wa unga. Na ule mfuko, jamani, ulikuwa na maandishi makubwa meusi, na katika kushona nilikuwa nimeyaweka nyuma, na yalisema MSAADA, HAIUZWI. Wanafunzi wa shule walikuwa wamejipanga kwa gwaride, na mmoja, asante kwa kisomo chetu, akasoma kwa sauti. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Nilimkumbatia Doto mbele ili anifunike, lakini aibu yenyewe ilikuwa nyuma.

Bwana Ruzige akaja na fimbo yake. Hakucheka. Akawasimamisha watoto wangu wawili mbele ya watu wote, mmoja baada ya mwingine, akapima. Huyu kafika. Huyu hajafika. Akafikiri, akamuuliza yule mrefu, "Nilikupima wewe mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema Kulwa. "Mara ya pili nilikuwa Doto."

Kicheko kikaanza upya. Fundi wa Kirushya yuko chini ya gurudumu na kisu, anakata kanga yangu vipande vipande, ananung'unika kwa lugha yake, na watoto waliobaki kwenye foleni wameanza kulia kwa sababu wameambiwa bembea leo imekwisha. Nikafikiri, hapa ndipo chini kabisa, chini ya hapa hakuna. Kumbe kulikuwapo.

Maana wakaja wanawake. Walikuja wanakimbia kutoka upande wa nyumba, Mama Neema mbele, nyuma yake wale wengine ambao waume zao walikwenda na lori, wote ninawajua kwa sura, hatukuwa tumewahi kukaa pamoja. Nikadhani wanakuja kuniona nilivyo. Hawakuniangalia hata gagulo. Mama Neema alinishika mikono yote miwili, anahema, akasema:

"Yuko wapi? Wameshukia wapi? Wangu yumo?"

Sikuelewa. Nikamwangalia. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa amejipaka mafuta miguuni, yanang'aa, na vumbi la kukimbia limeyagandia. Nyuma yake mmoja amembeba mtoto aliyeoshwa uso haraka haraka, bado una maji.

"Ulisema anakuja," akasema Mama Neema. "Nilikusikia kwa masikio yangu. Baba Kulwa yupo, anakuja. Nikajua lori limefika."

Ndugu zangu! Kile kicheko chote kilikwisha kama moto uliomwagiwa maji. Watu wote wananisubiri niseme. Na ile mikono imenishika, na sikuwa na mahali pa kwenda, wala ghala la kujificha nyuma yake.

"Hayupo," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza nalisema. Nikarudia kwa sababu hakusikia, au alisikia. "Hayupo, Mama Neema. Hakuna lori. Nilisema uongo."

Nilidhani atanipiga, na angenipiga nisingeinua mkono. Alitoa kanga ya mabegani kwake akanifunga kiunoni, akaikaza kwa hasira mpaka nikakosa pumzi, akasema, "Vaa." Halafu yeye mwenyewe akakaa chini, palepale kwenye vumbi na gauni lake la kanisani, akajishika kichwa. Nami nikakaa kando yake. Na wale wengine wakakaa. Tulilia tu, kila mmoja kwa lugha yake, na watoto wamesimama wanatuangalia.

Baadaye Bwana Ruzige akachuchumaa mbele yangu, sauti imeshuka. "Mama, kwa nini hukusema mumeo ni askari? Wazee wale pale," akaonyesha benchi kando ya ghala, "wamewekwa kwa ajili yenu. Watoto wa waliokwenda vitani wapakatwe na wao. Tulitangaza mkutanoni." Nikageuka. Kwenye benchi walikuwa wazee wamekaa, mashati yamefuliwa, kofia magotini. Nilikuwa nimewapita na watoto wangu mara nne, kwenda na kurudi. Nikawaamkia kwa mbali, "Shikamooni," na mmoja akaitikia, "Marahaba," akaongeza, "Tumekaa hapa tangu asubuhi, mwanangu. Hajaletwa hata mtoto mmoja."

Hilo lilinichoma kuliko gagulo. Kumbe si mimi peke yangu niliyesema anakuja. Wenzangu wengi nao walikuwa wamewaficha watoto wao nyumbani wasiulizwe.

Kijiji kilinicheka mpaka mvua za vuli, sitawadanganya. Nilipita kisimani naitwa Haiuzwi, mpaka na watu wazima, na niliitika, maana ningefanyaje. Bembea fundi aliitengeneza akaipeleka kata nyingine, wanangu hawakuipanda tena, na Doto hakuugua wala hakufa, ila Kulwa alimkumbusha kila siku kwamba yeye amepimwa mara mbili. Kanga ya Mama Neema niliirudisha imefuliwa, nikaikuta meza ya maneno imeandaliwa: alinisema mpaka jua likazama, nimekaa nasikiliza, na alipochoka kunisema akaniambia, "Geuka, hizo nywele zako zinatia huruma," akanisuka. Mikutanoni nikaanza kwenda, tukikaa pamoja, yeye kulia kwangu.

Nikaapa, na kiapo hiki sijakivunja mpaka leo: sitasema tena mtu yupo kama hayupo. Ukiniuliza niko na nani, kama niko peke yangu nakuambia niko peke yangu, na kama inauma nakuambia inauma, hata kama umeuliza kwa adabu tu.

Lori lilipokuja kweli, tulikwenda wote barabarani. Walishuka mmoja mmoja, wembamba, na mume wa Mama Neema alikuwamo. Baba Kulwa hakushuka. Dereva akafunga mlango wa nyuma wa lori, na mtu mmoja ambaye hakujua, mgeni tu, akaniuliza kama wangu nimeshampokea. Nikamjibu kwa sauti, "Hayupo," watu wote wakasikia. Mama Neema alimwacha mumewe na mzigo wake barabarani, akaja kunishika.